Historia ya Antena Bapa

Kila ala ya muziki ina sauti yake. Uzi mrefu wa zeze hutoa sauti nzito, na uzi mfupi hutoa sauti nyembamba; nayo ngoma iliyolegea haina budi kuotwa motoni mpaka ngozi yake ikazike. Antena, ambayo kazi yake ni kupeleka na kupokea mawimbi ya redio, ina tabia kama hiyo. Iko idadi moja ya mitikiso kwa sekunde ambayo antena huiitikia kwa nguvu kuliko nyingine. Na tuiite idadi hiyo masafa ya mwitiko.

Heinrich Hertz aliliona jambo hili tangu mwanzo. Kati ya mwaka wa 1886 na 1888, huko Karlsruhe, Ujerumani, alithibitisha kuwa mawimbi haya yapo. Alipokea mawimbi kwa waya uliopindwa mfano wa pete yenye mwanya mdogo. Kipimo cha pete kilipopatana na chombo cha kupelekea, cheche zilionekana mwanyani. Kisipopatana, cheche zilififia.

Kwa miaka mingi baadaye antena zilikuwa waya na vyuma vilivyochomoza nje. Vitu hivyo vilikuwa mzigo juu ya ndege za kasi na roketi, maana vilipambana na upepo. Katika mwaka wa 1953 Georges Deschamps alitoa wazo jipya nchini Marekani: bamba jembamba la shaba lilazwe juu ya ubao usiopitisha umeme, na chini ya ubao huo liwekwe bamba jingine pana. Mwaka wa 1955 Henri Gutton na G. Baissinot walipata hataza ya antena ya namna hiyo nchini Ufaransa. Walakini wazo hilo lililala karibu miaka 20. Kwa nini?

Sababu yaonekana tukichunguza mambo yanayotawala masafa ya mwitiko. La kwanza ni urefu wa bamba. Bamba huitika vyema urefu wake unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi ndani ya ubao. Kwa hiyo likirefushwa, masafa hushuka. La pili ni ubao wenyewe, kwa kuwa kila ubao hulichelewesha wimbi kwa kiasi chake. Ubao ukipunguza mwendo wa wimbi kuwa nusu, bamba lenye urefu ule ule litaitika kwa nusu ya masafa. La tatu ni unene wa ubao. Nguvu ya umeme hufurika kidogo nje ya kingo za bamba, na ubao ukiwa mnene hufurika zaidi. Bamba huwa kama limerefuka, na masafa hushuka. Upana wa bamba, joto na unyevu navyo vina athari, ingawa aghalabu ni ndogo.

Tutazame mfano. Setilaiti za Marekani za kuonyesha mahali, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka wa 1978, hutumia mitikiso 1,575,420,000 kwa sekunde. Nusu ya wimbi hilo hewani ni kama milimita 95. Juu ya ubao wa nyuzi za kioo bamba hupungua kufikia kama milimita 45, na juu ya kauri huweza kuwa milimita 25 au chini yake. Sasa fundi akikosea nusu milimita katika zile 45, masafa yatahama kwa mitikiso kama milioni 17. Antena bapa huitikia sehemu nyembamba sana ya masafa. Kosa hilo latosha kuifanya iwe kiziwi.

Basi wazo lilingojea ubao ulio bora, wenye tabia isiyobadilika na usiopoteza nguvu nyingi, pamoja na ustadi wa kuchora shaba kwa usahihi. Vitu hivyo vilipopatikana, Robert Munson na John Howell walitoa maandishi yao katika miaka ya 1970, na antena bapa zikaanza kuvikwa roketi kama ngozi. Leo zimo katika vyombo vingi vya kufuatilia magari barabarani.

Mara nyingi twasifu aliyewaza kwanza, na ni haki. Lakini wazo la mwaka wa 1953 halikuleta faida mpaka watu wengine, ambao wengi hatujui majina yao, walipojifunza kutengeneza ubao mwema na kupima sawasawa.