Chombo cha Kumwonyesha Njia Mwenda Pikipiki

Vijana wapendao kusafiri mbali kwa pikipiki huniuliza swali moja: kati ya vyombo vya GPS vinavyouzwa siku hizi, kipi kinunuliwe? Mwenye duka hulijibu swali hilo kwa bei na kwa upana wa kioo. Mimi si mfanyabiashara, na kazi yangu ni kusoma habari za watu waliotangulia. Kwa hiyo jibu langu ni refu zaidi, nalo laanzia nyuma, katika siku ambazo hapakuwa na kioo cho chote cha kutazama.

Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwenda Cape Town. Pikipiki yao ilikuwa Panther ya silinda moja, yenye kigari cha ubavuni na tela ya kukokotwa nyuma. Walivuka bahari mpaka Algeria, wakaingia jangwa la Sahara, wakapita Tamanrasset na Agadez, wakashuka Nigeria, kisha wakalikata bara kuelekea mashariki na kusini, hata tarehe 29 Julai 1935 wakafika mwisho wa safari yao. Katika jangwa lile hawakuwa hata na dira.

Wengi wasikiapo habari hii husema kwamba ulikuwa ushujaa, nao wasema kweli. Lakini msomi hana budi kuuliza zaidi: njia waliijuaje? Jangwa lilikuwa na vituo vya askari wa Kifaransa, visima vilivyojulikana, na alama za magurudumu ya magari yaliyotangulia. Na kila palipo na watu palikuwa na wa kuulizwa. Ujuzi wa njia ulikuwako, ila haukuwa ndani ya chombo. Ulikuwa umetawanyika katika watu na katika mchanga wenyewe. Historia ya vyombo nitakavyovitaja ni historia ya kuukusanya ujuzi huo na kuutia katika kisanduku. Kila ulipokusanywa, sehemu yake moja iliachwa nje. Mnunuzi aliye na busara hutaka kujua ni sehemu gani.

Majaribio ya kwanza yalikuwa ya karatasi. Katika mwaka 1909 kiliuzwa huko Marekani chombo kilichoitwa Jones Live-Map: kisahani cha karatasi kilichoandikwa njia kuzunguka ukingo wake, kikiunganishwa na gurudumu la gari, hata kikawa kinageuka kwa kadiri ya mwendo na kumwonyesha dereva kona ijayo. Katika miaka ya 1920 Waingereza walitengeneza kijisanduku cha kuvaliwa mkononi kama saa, chenye ramani nyembamba zilizokunjwa juu ya vigingi viwili vidogo. Chombo hicho huchekesha watu wanapokitazama leo. Mimi sikicheki, maana aliyekitengeneza alijua jambo ambalo wengi waliomfuata walilisahau: ya kwamba msafiri ana mikono miwili tu, na yote miwili ina kazi.

Hapo ndipo mwenda pikipiki anapoachana na mwenda gari. Mwenye gari aweza kuketisha mtu kando yake amsomee ramani. Aliye juu ya pikipiki yu peke yake katika upepo, amevaa glavu, mvua yampiga kifuani, tena akiyaondoa macho barabarani kwa nukta mbili katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, amekwenda mita 50 kama kipofu. Basi kwa muda mrefu aliandika majina ya miji katika kipande cha karatasi, akakibandika juu ya tangi la petroli. Katika mashindano ya jangwani karatasi hiyo ilikuwa ndefu, ikawekwa katika kisanduku juu ya usukani, ikawa yazungushwa kidogo kidogo. Mashindano mashuhuri kupita yote ya namna hiyo yalizaliwa kwa sababu ya kupotea: Mfaransa Thierry Sabine, akiendesha pikipiki katika mashindano ya Abidjan hadi Nice mwaka 1977, alipotea katika jangwa la Libya, akaokolewa akiwa karibu kufa. Badala ya kulichukia jangwa, alirudi kwao akaanzisha mbio za Paris hadi Dakar, zilizoanza tarehe 26 Desemba 1978. Jina la Dakar limebaki, ijapokuwa tangu 2020 mbio zenyewe hufanyika Saudi Arabia. Washindani hupewa chombo cha GPS kilichofungwa kwa makusudi ili kisiwaonyeshe kila kitu, kusudi wasiache kusoma maelezo ya njia. Hao ni watu wanaokijua chombo vizuri, wakaamua kukipunguzia nguvu.

Sasa tutazame juu. Sputnik iliporushwa na Warusi tarehe 4 Oktoba 1957, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach, waliisikiliza sauti yake ya redio, wakaona ya kuwa kwa jinsi sauti ile ilivyopanda na kushuka waliweza kupiga hesabu ya mahali setilaiti ilipo. Mwaka uliofuata mkubwa wao, Frank McClure, aligeuza swali: ikiwa mtu anayejua mahali aliposimama aweza kujua setilaiti ilipo, basi anayejua setilaiti ilipo aweza kujua mahali aliposimama. Mabaharia wa Bahari ya Hindi wasingeliona fikira hiyo kuwa ngeni. Kwa karne nyingi walishika kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, wakapima kimo cha nyota wanayoijua, wakajua wako wapi kati ya kaskazini na kusini. Tofauti ni kwamba nyota hizi mpya zilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa jeshi la Marekani. Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa tarehe 22 Februari 1978. Zipo juu yetu kilomita 20,200 hivi, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku ikitangaza saa yake. Chombo kilicho mkononi mwako hakitangazi neno, husikiliza tu. Hulinganisha nyakati kilizozipokea kutoka setilaiti nne au zaidi, kikapima umbali, na kutokana na umbali huo kikapata mahali. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa nukta moja, hivi kwamba kosa la sehemu moja katika milioni ya nukta ni kosa la mita 300. Kwa ajili hiyo hata tofauti iliyoelezwa na Einstein, ambayo huzifanya saa za huko juu kutangulia za huku chini kwa sehemu 38 hivi za milioni za nukta kila siku, haina budi kusahihishwa. Msomaji azingatie pia kwamba kusikiliza huku hakuhitaji mnara wa simu wala intaneti. Wengi hawalijui jambo hili, nao huogopa kwenda porini kwa sababu isiyo ya kweli, wakaacha kuiogopa iliyo ya kweli.

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia ikaingia katika anga ya Urusi ya Kisovyeti, ikapigwa, na watu 269 wakafa. Mwezi huo huo serikali ya Rais Reagan ilitangaza kwamba mfumo huu utakapokuwa tayari utaruhusiwa kwa raia wa dunia nzima. Kwa hiyo twaupata bure kwa sababu ya msiba wa waliopotea. Hata hivyo jeshi liliendelea kuyachafua kwa makusudi mawimbi ya raia, hata chombo kikaweza kukosa kwa mita 100. Kwa nahodha baharini mita 100 si neno. Kwa mwenda pikipiki atafutaye kona mjini ni mtaa mwingine kabisa. Usiku wa kuingia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, uchafuzi huo ulikomeshwa, na vyombo vilivyokuwa mikononi mwa watu vikawa vyema kuliko jana yake pasipo kuguswa. Lakini kilichofunguliwa kwa amri moja chaweza kufungwa kwa nyingine. Warusi walikuwa na mfumo wao GLONASS; Wazungu wa Ulaya wakaanza kutoa huduma za Galileo mwaka 2016; Wachina wakaukamilisha BeiDou kwa dunia yote mwaka 2020. Chombo kizuri cha leo husikiliza mifumo hiyo pamoja, na anayenunua asikubali kinachosikiliza mmoja tu.

Baada ya amri ile haikupita miaka mingi, vyombo vya wenda pikipiki vikaja. TomTom ilitoa Rider mwaka 2005, na Garmin ikatoa zumo 550 mwaka 2006. Ukivitazama utaona kwamba havikuwa vya gari vilivyopunguzwa ukubwa: kioo kiliitikia kidole kilichovikwa glavu, maji hayakuingia, kishikio kilikazwa kwa skrubu, na sauti ilipelekwa ndani ya helmeti pasipo waya. Mtengenezaji wa kijisanduku cha mkononi wa miaka ya 1920 angalifurahi.

Kisha simu ikaja, ikataka kuvifuta vyote. Hoja ya simu ni ya nguvu, wala sitaidharau: umekwisha kuinunua, ramani zake ni mpya, na kijana wa bodaboda mjini hahitaji zaidi. Katika safari ya siku ishirini mambo hubadilika. Simu juani hupata moto, ikafifiza kioo chake au ikajizima. Mnamo Septemba 2021 Apple wenyewe waliwaonya wateja kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki, ukipitia usukani, waweza kuziharibu sehemu ndogo za kamera zinazotuliza picha. Tena simu ndiyo utakayoitia msaada ukianguka. Si vyema iwe imefungwa mahali pa kwanza kugonga chini. Kwa maoni yangu anayetumia simu atumie ya pili, ya zamani, iliyotiwa ramani zote kabla ya kuondoka.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo wauzaji hulitaja mwisho, nami naona lilipasa kuwa la kwanza: ramani. Setilaiti hukuambia ulipo, lakini haijui kama hapo pana njia. Njia huandikwa na watu. Mwaka 2009 Kibera, mtaa wa watu wengi mno jijini Nairobi, ulikuwa kama pengo tupu katika ramani za watu wote, mpaka vijana wa hapo walipofundishwa kuuchora wenyewe katika OpenStreetMap, ramani ya hiari iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Dar es Salaam ilifuata mwaka 2015 kwa kazi ya Ramani Huria, ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu waliipigia mguu mitaa ya mabondeni iliyozoea mafuriko. Ramani ya namna hii yaweza kutiwa bure katika vyombo vingi vya Garmin. Kwa hiyo nisimamapo dukani siulizi kioo kina upana gani. Nauliza kama chombo hiki hukubali ramani isiyotoka kwa mwenye kukiuza. Kama hukubali njia niliyoichora mwenyewe nyumbani bila kuipindua kwa kudhani kwamba nakosea. Na kama kitafanya hayo yote siku ambayo hakuna mtandao. Kilichoshindwa katika hayo matatu sikitaki, hata kiwe cha dhahabu.

Naliyajua hayo kwa gharama. Mwaka mmoja, mwisho wa masika, nalikuwa nikipita wilaya ya Kilosa, nami nilikuwa na chombo kizuri ambacho sitakitaja jina. Kikaniambia nyoosha mbele. Mbele palikuwa na mto, na daraja halikuwako. Zilibaki nguzo mbili za mti, na maji mekundu yakipita kwa haraka. Nikazima injini. Chombo kikarudia kwa adabu ile ile kwamba ninyooshe mbele. Hakikuwa kimekosea mahali hata kwa mita tano. Mtu fulani, mwaka fulani, aliandika daraja, naye alikuwa mkweli; hakuna aliyerudi kulifuta.

Palikuwa na mzee akichunga ng'ombe kando ya mto. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, kisha akakitazama kile kioo kwa muda mrefu. Aliniuliza kiasi gani nilikinunua. Nilipomtajia alicheka mpaka akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Akaniambia kwamba kivuko kiko juu, penye mwembe mkubwa, mwendo wa robo saa, nami niusukume mtambo wangu pole pole upande wa kushoto, kwa kuwa kulia pana shimo. Nilivuka maji yakiwa magotini. Usiku ule nilipopata mtandao nililifuta lile daraja katika ramani, nikaandika kivuko, na ubavuni mwake, kwa Kiswahili, maneno yake yale: upande wa kushoto.