Kisiwa cha Lugha: Istilahi Isiyohitaji Maji

Watu ni "ji" kwa Kijaluo na "biik" kwa Kikipsigis. Kwa Kigusii ni "abanto", neno ambalo Mswahili hulitambua mara moja. Mkazi wa Sironga, kaunti ya Nyamira, huyasikia yote matatu katika soko la Sondu, na akishuka kusini hadi Transmara hukutana na Kimaasai. Majirani hao wote husema lugha za Kinailoti, na katikati yao kimekaa Kigusii, lugha ya Kibantu.

Wanaisimu huita eneo la namna hii kisiwa cha lugha. Wazo hili limetokana na istilahi ya Kijerumani, Sprachinsel, na Wajerumani walikuwa na mifano mingi. Katika karne ya 12, Mfalme Géza II wa Hungaria aliwaalika walowezi kutoka magharibi waende Transilvania, leo sehemu ya Romania. Wakaitwa Wasaksoni, ingawa wengi walitoka pande za mto Rhine na Mosel. Walijenga miji kama Hermannstadt, ambao leo ni Sibiu, wakasema Kijerumani chao kwa zaidi ya miaka 800 kabla ya wengi kuhamia Ujerumani baada ya 1989.

Wagusii nao walihama. Masimulizi yao hutaja nyanda za Kano, kisha Kabianga, ambako Wakipsigis na Wamaasai waliwabana hadi wakapanda milimani. Ila hakuna mfalme aliyewaalika, wala hawana nchi mama ya kurudia. Ndugu zao wa karibu kilugha, kama Wakuria, wako ng'ambo ya majirani, hadi mkoa wa Mara, Tanzania.

Tafsiri "kisiwa" ina mtego wake: humfanya msomaji afikirie udogo na upweke. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wagusii zaidi ya milioni 2.7, na masoko ya mipakani hayajawahi kuwatenga na jirani. Istilahi hueleza mahali lugha ilipo, si ukubwa wake wala uimara wake.

Wala maji yenyewe hayalindi lugha. Wasuba wa Rusinga na Mfangano, visiwa halisi vya Ziwa Victoria, walisema lugha ya Kibantu pia. Kwa ndoa, biashara, shule na kanisa, wengi wao walihamia Kijaluo, na Rusinga karibu yote sasa husema lugha hiyo. Mfangano bado kuna wasemaji wa Kisuba, na redio ya jamii ya Ekialo Kiona hutangaza kwa lugha hiyo.