Mazembe ilizaliwa ku kiwanja ya masomo

Bandugu, wengi wanafikiri TP Mazembe ilianza na feza ya migodi. Hapana, ilianza ku masomo. Mwaka 1939, mapadri Wabenedikto walioongoza Institut Saint-Boniface, hapa Elisabethville ya zamani, walitafutia wanafunzi michezo. Wakaunda timu, jina Saint-Georges. Kisha ikaitwa Saint-Paul, halafu Englebert, jina ya kampuni ya matairi. 1967 na 1968 ikabeba Kombe la Afrika la vilabu. 2010 ikacheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter Milan.

Ilitaka nini pale mwanzo? Batoto, mwalimu, na kiwanja tu.

Leo, ku masomo kadhaa ya serikali humu Lubumbashi, kiwanja inakatwa: maduka ku lupango, kisha nyumba. Batoto wanakimbilia ku barabara, katikati ya motokari. Tangu 2019 masomo ya msingi ni bure, lakini ku sekondari bazazi bado wanalipa. Basi wanaolipa wana haki ya kuuliza.

Sisi tuliosoma pale twende ku komite ya bazazi, tuulize jambo moja: karatasi ya kiwanja, ile certificat d'enregistrement, iko kwa nani? Tuulize mbele ukuta haujajengwa.