Chanda na Pete Katika Rumi ya Kale

Wahenga walisema, "Chanda chema huvikwa pete." Maana ya methali hii, msomaji, waijua: mtu mwema hutunzwa kwa ajili ya wema wake. Lakini je, umepata kujiuliza ni nani aupimaye wema wa chanda? Na pete ikisha kuvikwa, je, yaweza kukigeuza chanda kibaya kuwa chema? Fuatana nami katika habari za Warumi wa kale, upate kuona jinsi taifa zima lilivyohangaika na jambo hilo kwa karne nyingi.

Hata leo masonara hufua pete nzito za kiume kwa mfano wa zile za Rumi, nao matajiri huzinunua kwa bei kubwa. Lakini anunuaye pete hiyo leo hununua pambo tu. Kwa Mrumi pete ilikuwa zaidi ya pambo, kwa maana ilikuwa muhuri wake. Kito chake kilichorwa alama, na mwenyewe akaikandamiza katika nta ili kuthibitisha barua, wosia au mkataba. Jemadari Pompey alikuwa na muhuri wenye sura ya simba ashikaye upanga. Alipouawa huko Misri mwaka 48 kabla ya Kristo, adui yake Julius Caesar aliletewa pete hiyo, naye alipoipokea alilia machozi. Kuishika pete ya mtu kulikuwa kama kuushika mkono wake.

Hapo mwanzo pete za Warumi hazikuwa za dhahabu. Mwandishi Pliny, aliyefariki mwaka 79 baada ya Kristo wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, atusimulia kwamba zamani hata wakuu wa Baraza la Seneti walivaa pete za chuma. Pete ya dhahabu alipewa mjumbe aliyetumwa kwa mataifa ya kigeni, na nyumbani mwake alirudia kuvaa ile ya chuma. Hata Marius, alipoingia mjini kwa shangwe baada ya kumshinda mfalme Jugurtha wa Numidia, kidoleni mwake mlikuwa na chuma. Pliny aongeza neno la kutufikirisha: nyuma ya mshindi wa namna hiyo husimama mtumwa akimshikilia taji ya dhahabu juu ya kichwa, na huenda pete ya bwana na pete ya mtumwa zilikuwa sawa.

Hata hivyo, dhahabu ilikwisha kuingia katika vidole vya wakubwa. Mwaka 216 kabla ya Kristo, Hannibal wa Carthage aliyaangamiza majeshi ya Rumi huko Cannae. Ndugu yake Mago alitumwa nyumbani kupeleka habari, naye hakutegemea maneno matupu. Aliagiza pete za dhahabu zilizovuliwa katika maiti zimwagwe mbele ya baraza la wazee. Mwanahistoria Livy asema kuwa wengine walidai zilijaza vipimo vitatu vya nafaka na zaidi, lakini yeye aliona kuwa kweli ni kipimo kimoja, yaani lita karibu 9. Mago akawaeleza wazee kuwa pete hizo huvaliwa na wapanda farasi tu, tena walio wakuu wao, ili wapate kukisia wingi wa waliokufa.

Kadiri dhahabu ilivyozidi kuwa alama ya cheo, ndivyo watu walivyozidi kuitamani. Mwaka 49 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipokwisha kuvuka mto Rubicon ili kupigana na wenziwe, aliwahutubia askari. Alionyesha kidole cha mkono wake wa kushoto, akaapa kuwa yu tayari kuivua hata pete yake mwenyewe ili awaridhishe watakaomtetea. Askari waliosimama nyuma waliona ishara wasisikie maneno. Wakaambiana kuwa jemadari ameahidi kumpa kila mtu haki ya pete pamoja na sestertius 400,000, ambacho ndicho kiasi cha mali kilichomtia mtu katika daraja la wapanda farasi. Tazama, basi, jinsi moyo wenye tamaa usikiavyo lile upendalo!

Mwaka 23 baada ya Kristo, enzi ya Kaisari Tiberius, pete za dhahabu zilikuwa zimeenea hata kwa wachuuzi. Ndipo ikaamriwa kwamba asiivae mtu ila aliyezaliwa mwungwana, mwana wa mwungwana na mjukuu wa mwungwana, tena mwenye mali ya sestertius 400,000. Lakini sheria haikuweza kuzuia tamaa. Pliny aona hata watumwa wakizifunika pete zao za chuma kwa dhahabu.

Hatimaye boma lilibomoka. Kaisari Septimius Severus aliwaruhusu askari wake kuvaa pete za dhahabu. Na mwaka 539 Kaisari Justinian aliamuru kwamba kila mtumwa aachwaye huru apate haki ya pete, bila ya kuiomba.

Je, tuseme kuwa pete ilipoteza heshima yake? Mpenda vyeo angesema hivyo. Mimi nasema kuwa siku hiyo pete ilikaribia kusema kweli kuliko siku zote. Ilikaribia tu, wala haikufika. Kwa kuwa utumwa wenyewe haukufutwa, na wengi walibaki katika minyororo.

Lugha yetu nayo imepita njia iyo hiyo. Zamani katika pwani yetu mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Kuzaliwa ndiko kulikompa jina hilo. Leo twamwita mwungwana mtu wa adabu na haki, awe mtoto wa nani, nasi twasema, "Uungwana ni vitendo." Basi, msomaji, utakapoona dhahabu ikimeta katika kidole cha mtu, usiulize ina uzito gani. Uliza mkono huo umetenda nini. Na kabla ya kuwauliza wenzio, utazame wako.