Umeme wa Songea na Vivuli vya Picha za Simu

Kuchora picha ni miongoni mwa kazi zinazokula chaji ya simu upesi kuliko zote, na umuhimu wa kupunguza ulaji huo unaeleweka vyema zaidi Songea, mji wa kusini mwa Tanzania, kuliko katika miji iliyozoea umeme wa uhakika. Kata ya Mshangano, kama kata nyingine za Manispaa ya Songea, ilipokea simu za mkononi wakati mji mzima ukitegemea jenereta za dizeli za shirika la umeme la TANESCO, kwa kuwa mkoa wa Ruvuma ulikuwa bado haujafikiwa na gridi ya taifa. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Songea inazidi kilomita 900, hivyo mafuta yalikuwa ghali na umeme haukutosha. Nafuu ya kwanza ya maana ilitoka kwa masista Wabenediktini wa Chipole. Mtambo wao wa Tulila, unaotumia maji ya Mto Ruvuma na wenye uwezo wa megawati 5, ulianza kuiuzia TANESCO umeme mwaka 2015. Ni jambo la kukumbukwa kwamba shirika la watawa lilitangulia gridi katika kuupunguzia mji huu utegemezi wa dizeli.

Simu za awali ziliendana na hali hiyo. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na kioo kidogo kisicho cha rangi na tochi kichwani, na chaji moja ilidumu siku kadhaa. Aliyekosa umeme nyumbani alipeleka kitochi chake kibandani kuchajisha, akalipia kidogo, akarudi nacho.

Simu janja zilivuruga utulivu huo. Kioo chenye upana wa pikseli 720 na urefu wa 1,600 kina jumla ya pikseli 1,152,000. Mchezo unaobadili picha mara 60 kwa sekunde humlazimu mchoraji wa ndani ya simu, yaani kichakataji cha picha, kupaka rangi pikseli zaidi ya milioni 69 kila sekunde. Kwa kiwango cha uchoraji kiitwacho OpenGL ES 2.0, cha mwaka 2007, rangi ya pikseli ilianza kukokotolewa na programu ndogo iitwayo sheda, ambayo mtengeneza mchezo huiandika mwenyewe: mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia wapi, maji yanang'aa kiasi gani. Picha zikapendeza, betri zikalemewa.

Dawa ya kwanza ilikuwa imekwishapatikana katika muundo wa vichakataji vyenyewe. PowerVR ya kampuni ya Imagination ya Uingereza, na Mali, iliyoanzia katika kampuni ndogo ya Falanx ya Norway kabla ya ARM kuinunua mwaka 2006, huigawa picha katika vigae vidogo na kukimaliza kila kigae ndani ya chipu kabla ya kukipeleka kwenye kumbukumbu ya nje. Sababu ni ya kifizikia: kusafirisha data nje ya chipu hula nishati nyingi kuliko hesabu yenyewe. Dawa ya pili ni kushusha kasi ya kichakataji pamoja na volti yake kazi inapopungua. Kwa kuwa nishati ya kila hatua ya hesabu hufuata mraba wa volti, punguzo dogo la volti huokoa chaji nyingi. Ya tatu, kuchora picha nzima kwa pikseli chache kisha kuikuza, huokoa pia, ila hufifisha kila kitu pamoja, hata maandishi.

Dawa ya nne ndiyo ya werevu zaidi. Mwaka 2018 NVIDIA ya Marekani ilitoa vichakataji vya kompyuta vya Turing, vinavyoweza kubadili kiwango cha utiaji vivuli, yaani wingi wa hesabu za sheda, kutoka sehemu moja ya picha hadi nyingine. Sheda hukokotoa rangi mara moja tu kwa kundi la pikseli 4, au hata 16, mahali ambapo jicho halitaona tofauti, huku kingo za maumbo zikibaki kali. Anga tupu, ukuta wa rangi moja, kivuli kizito na kitu kinachopita kwa kasi havihitaji hesabu ya pikseli moja moja. Uso wa mhusika wa mchezo na maandishi vinaihitaji. Uamuzi wa wapi pa kupunguza hesabu unaweza kufanywa na programu yenyewe: hupima katika picha iliyotangulia mahali rangi zinapotofautiana kidogo na mahali penye mwendo mwingi, kisha hupunguza kazi hapo. Simu ikipata joto au chaji ikishuka, kipimo hulegezwa zaidi. Qualcomm iliuleta uwezo huu kwenye simu kwa chipu ya Snapdragon 888 mwishoni mwa 2020, na Arm ikafuata kwa Immortalis-G715 na Mali-G715 mwaka 2022.

Mwaka ule ule wa 2018 vichakataji vya Turing vilipotoka, Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba, iliyojengwa kwa fedha za Tanzania na Sweden. Rais John Magufuli aliizindua Aprili 2019. Jenereta za dizeli zikapumzishwa. Hata hivyo gridi nayo hukatika, na nchi nzima ilionja mgawo wa umeme mwaka 2022 na 2023, kwa hiyo chaji iliyobaki mfukoni haijapoteza thamani.

Tatizo lililobaki ni bei. Uwezo wa kubadili utiaji vivuli ulianzia kwenye chipu za simu za gharama kubwa. Vichakataji vya Mali-G52 na Mali-G57, vilivyomo katika simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Tanzania, vilitangulia hatua hiyo na havina uwezo huo. Mwenye simu ya namna hiyo Mshangano anaweza tu kushusha kwa mkono ubora wa picha na idadi ya picha kwa sekunde katika mipangilio ya mchezo. Watengenezaji wanaotegemea soko la Afrika wanapaswa kuushusha uwezo huu hadi kwenye simu za bei ya chini, maana wanunuzi wa simu hizo ndio wanaouhitaji zaidi.