Kusikiliza Muziki wa Kwetu: Vitu Vinavyouunda na Vipindi Ulivyopitia

Katika mkutano mmoja wa shirika letu tulipigisha wimbo wa zamani, « Masanga » ya Mwenda Jean Bosco. Wazee walifunga macho wakasikiliza. Vijana walingoja imalizike. Kiisha kijana mmoja akauliza: « Bapiga gitare bako babili ao batatu? » Tukamujibu kwamba ni mtu mmoja tu, na gitare moja isiyo na umeme. Hakusadiki. Tukarudilisha wimbo toka mwanzo, na mara hiyo hakuna aliyesema hata neno.

Ulizo la kijana yule lilitufundisha jambo. Hakuwa amechoka na muziki wa wazee. Hakuna mtu aliyemuonyesha namna ya kuusikiliza. Na kosa si lake. Sisi tuliosoma kwa mapadri tulifundishwa do, re, mi, na tuliambiwa kwamba Bach alikufa mwaka wa 1750. Muziki wa Ulaya ulikuwa na vipindi, na kila kipindi na jina lake. Wa kwetu uliitwa « ngoma » tu, sawa vile haukuzaliwa siku fulani, haukukua wala kugeuka. Wazee walisema sikio halilali na njaa. Ni kweli, linakula kila kitu kinachopita. Lakini kusikia si kusikiliza, na kusikiliza kunafundishwa.

1. Vitu vya kusikiliza

Kitu cha kwanza ni mapigo. Tuanze na mikono yetu. Hesabu polepole mpaka kumi na mbili, ukirudilia bila kusimama. Mtu mmoja apige makofi kwenye 1, 4, 7 na 10. Mwenzake apige kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Wa kwanza anapiga mara nne, wa pili mara sita, na wanakutana kwenye 1 na kwenye 7. Kati ya hapo kila mmoja yuko na njia yake. Hilo ndilo linaloitikisa miguu mbele akili haijaelewa. Katika ngoma za kwetu mapigo hayamfuati mkubwa mmoja, yanasemezana. Msikilizaji mzuri anachagua pigo moja, analifuata, kiisha anahamia lingine, na wimbo uleule unageuka mbele yake.

Kitu cha pili ni njia ya wimbo, ni kusema namna sauti inavyopanda na kushuka. Hapa lugha zetu nyingi zinatoa amri. Kila mtu anayesema Lingala anajua kwamba « moto » ni mtu, lakini ukiinua sauti mwishoni unasema kichwa. Kiluba nacho kiko na sauti za juu na za chini. Basi mtunzi hawezi kupandisha sauti popote anapopenda, juu neno litaharibika. Ni kwa sababu hiyo pia ngoma ya mti iliyochongwa ndani iliweza kutuma habari toka kijiji mpaka kijiji: ilifuata kupanda na kushuka kwa maneno. Wamisionari wengine waliweka maneno ya lugha zetu juu ya nyimbo za Ulaya bila kuangalia jambo hilo. Wazee waliimba kwa heshima, lakini masikio yao yalijua kwamba maneno yamepinda.

Kitu cha tatu ni mapatano ya sauti. Mahali pengi Katanga, watu wawili wakiimba pamoja, hawaimbi sauti moja. Mmoja anashika ya chini, mwingine ya juu, kama do na mi, na wanatembea pamoja mpaka mwisho. Hatukungoja kwaya za misioni ili kujua hivyo. Kwaya zilikuta nyumba imekwisha kujengwa, zikaongeza vyumba.

Kitu cha ine ni rangi ya sauti. Ngoma ya ngozi, kisanji chenye ndimi za chuma, madimba ya Kasai, gitare, chupa inayogongwa na kijiti: kila kimoja kiko na ladha yake. Watengenezaji wa zamani walipenda sauti yenye kukwaruza kidogo, wakaweka vipete vya chuma kwenye kisanji ili vilie pamoja na ndimi. Mtu aliyezoea sauti safi ya mashini anafikiri ni chombo kibovu. Sivyo, ni chumvi ya chakula.

Kitu cha tano ni mpango wa wimbo. Kiongozi anaita, wengine wanaitika. Hiyo ndiyo nguzo. Ukitaka kuiona hata leo, sikiliza rumba: kwanza maneno na habari ya mapendo ao ya uchungu, kiisha sebene, mahali gitare zinashika mamlaka na watu wanasimama kucheza. Hata ndani ya sebene gitare moja inauliza na nyingine inajibu.

2. Vipindi

Katika kipindi cha kwanza muziki ulikuwa na kazi na mahali pake: kuzaliwa kwa mapacha, kilio, uwindaji, sifa za mfalme. Lakini hata wakati ule haukukaa pahali pamoja. Msiri, aliyejenga Bunkeya na akauawa mwaka wa 1891, alitoka Unyamwezi, inchi ambayo leo iko Tanzania. Bayeke walikuja na nyimbo zao na wakajifunza za wenyeji. Njia za biashara zilileta Kiswahili, na pamoja na Kiswahili, nyimbo.

Kipindi cha pili kinaanza na reli iliyofika Élisabethville toka kusini mwaka wa 1910. Migodi ya Union Minière ilikusanya watu wa Kasai, wa Rhodesia, wa Ruanda-Urundi. Makabila yaliyokuwa mbalimbali yalijikuta katika kambi moja, na Kiswahili kikawa daraja. Katika miaka ya 1920 na 1930 kulichezwa mbeni, ngoma iliyotoka pwani ya Afrika ya Mashariki, yenye nguo na vyeo kama vya askari. Wakubwa wa kikoloni waliitazama kwa mashaka, juu walimuona mfanyakazi akijipa cheo ambacho hawakumpa. Treni ileile ilileta gitare na gramofoni. Toka mwaka wa 1933 sahani zenye alama ya G.V. zilileta nyimbo za Cuba, na watu wa Congo walitambua ndani yake mapigo ya damu yao waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari.

Kipindi cha tatu, miaka ya 1950, ndicho tunachokiita wakati wa gitare ya Katanga. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mtafutaji wa muziki aliyekaa Afrika ya Kusini, alimkuta Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo. Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka wa 1930. Alikuwa bado kijana. Alivuta nyuzi kwa vidole viwili tu: kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kiliimba kwenye nyuzi nyembamba. Kila kidole kilifuata mapigo yake, kama wale watu wetu wawili wa makofi. Hiyo ndiyo siri ya « bapiga gitare babili ». Bosco alichukua mazungumzo ya ngoma akayaweka katika mkono mmoja. Pamoja naye walikuwa Masengo Édouard na Losta Abelo, na Kiswahili chao kiliwafungulia mlango wa Nairobi, mahali wapigaji wengi waliiga vidole vya Katanga.

Wakati uleule kanisa nalo liligeuka. Joseph Kiwele alitunga « Missa Katanga ». Kule Kamina, Padri Guido Haazen alikusanya watoto wa masomo na walimu wao, na mwaka wa 1958 walipeleka « Missa Luba » mpaka Ulaya: maneno ya Kilatini, lakini kuita na kuitika kwa kwetu, na ngoma kanisani. Ilikuwa mbele Mtaguso wa Vatikano haujafungua mlango huo mwaka wa 1963. Sehemu kubwa ya uzuri wake waimbaji waliivumbua wenyewe wakiimba pamoja. Dunia imeshika jina la padri. Majina ya wale watoto ni nani anayeyajua?

Kipindi cha ine ni cha umeme na cha Kinshasa. African Jazz ya Kabasele ilipiga « Indépendance Cha Cha » kule Bruxelles mwaka wa 1960. OK Jazz, iliyoanza mwaka wa 1956, ilimkuza Franco. Zaiko Langa Langa, toka mwaka wa 1969, iliacha tarumbeta na kurefusha sebene. Gitare ya mtu mmoja ilikosa nafasi mbele ya gitare tatu za umeme. Mwaka wa 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo mbili katika urithi wa wanadamu wote. Tulifurahi, na tuko na haki ya kufurahi. Lakini tusifikiri kwamba nyumba nzima ni sebule.

3. Kinachotuhusu

Sauti ambazo Tracey alikamata zinatunzwa Afrika ya Kusini. Wazungu wameandika kurasa nyingi juu ya vidole vya Bosco, na kuna wapigaji wa Ulaya wanaoweza kupiga « Masanga » mpaka mwisho. Katika mitaa yetu, ni nani anayeweza? Bosco alikufa mwaka wa 1990. Wazee waliomuona akipiga wanapungua, na mzee akiondoka anaenda na namna ya kusikiliza ambayo hakuna sahani inayoishika.

Hatusemi vijana waache muziki wao.  Tunaomba kitu kidogo. Chukua wimbo mmoja wa zamani. Leo hii telefone inatosha. Usikilize mara tano, kila mara ukifuata kitu kimoja tu: mapigo, njia ya wimbo, mapatano, rangi, mpango. Kiisha uliza ulitoka kipindi gani, na nani alikuwa nyumbani wakati ule. Mwishoni, keti karibu na mzee mmoja, umuulize alicheza wimbo huo wapi na pamoja na nani, na uandike anayokuambia.

Kijana wetu wa mkutano alirudi juma lililofuata na gitare ya kuazima. Kidole gumba kilikubali. Cha shahada kilikataa. Mzee mmoja alivuta kiti, akamushika mkono, akamwambia: « Acha kuharakisha. Kwanza sikia. »