Kutoka Kambi ya Wapagazi hadi Mulago

Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia Afrika Mashariki mwaka 1914, na baadaye majeshi ya Waingereza yakaanza kumwandama Jenerali von Lettow-Vorbeck kutoka mbuga za Kilimanjaro hadi mabonde ya Rufiji na nyika za Lindi, ilidhihirika upesi kwamba Mjerumani hakuwa adui mkubwa kuliko wote. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, barabara zilikuwa haba, na masika yaligeuza zile zilizokuwapo kuwa tope la magoti. Kwa hiyo kila sanduku la risasi, kila gunia la unga na kila chupa ya dawa vilisafiri juu ya kichwa cha binadamu. Wapagazi walioandikwa kwa hiari na kwa nguvu katika muda wote wa vita walikaribia milioni moja, na waliokufa, kwa makisio ya wanahistoria, walikaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara damu, kichomi na malaria, wala si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimerithi majina yao kwa kikosi cha wapagazi hao, ingawa sidhani kama anayebishania bei ya nyanya pale sokoni huwakumbuka.

Katika dhiki hiyo ndipo lilipoundwa Uganda, mwaka 1917, jeshi dogo la matabibu wenyeji, chini ya Meja G. J. Keane, pamoja na D. G. Tomblings ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa Makerere. Walichaguliwa vijana wenye elimu, wengi wao kutoka shule za misheni kama ile ya Budo iliyofunguliwa mwaka 1906, na hapa pana jambo ambalo wasimuliaji wa vita hulipita mbio mno. Shule hizo zilijengwa kwa ajili ya watoto wa machifu na wakuu. Kijana aliyezoea kwao kupigiwa magoti na wadogo zake alijikuta akipiga magoti yeye mwenyewe, katika banda la makuti lenye harufu isiyosemeka, mbele ya mkulima asiyejua jina lake, amsafishe, amwinue kichwa, amnyweshe.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari ya kupigiwa tarumbeta. Mpagazi aliyetoka nchi ya ndizi alipewa posho ya unga wa mahindi, chakula ambacho tumbo lake halikukizoea, na kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi, sufuria chache na safari ndefu, aliula unga ule nusu mbichi. Matumbo yakachubuka, na maradhi ya kuhara yakapata mlango ulio wazi. Tabibu alikuwa na chumvi ya haluli, alikuwa na kwinini, alikuwa na aidini ya kupaka madonda ya miguu iliyoliwa na funza. Lakini dawa hizo zote zingefaa nini ikiwa mgonjwa aliyepona angerudishwa jioni kwenye sufuria ile ile? Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi, aliwapigania watu wake wapikiwe kwa pamoja na wapishi maalumu, chakula kiive kabla ya kugawiwa, na pale jambo hilo lilipofanyika vifo vilipungua. Mtu aliyejifunza utabibu katika kambi za namna hiyo hakuhitaji mwalimu wa kumwambia kwamba afya huanzia jikoni na chooni, na mimi huona kwamba elimu hiyo ilikuwa bora kuliko nyingi zilizofundishwa baadaye kwa vitabu vyenye jalada zuri.

Habari za jeshi hilo la matabibu ziliandikwa na Keane na Tomblings wenyewe, kwa mapenzi na kwa sifa nyingi. Hata hivyo, zimeandikwa kwa jicho la ofisa anayewatazama askari wake wakiwa wamejipanga mstari.

Vita vilipokwisha mwezi wa Novemba 1918, serikali ilikuwa na ithibati mkononi kwamba Mwafrika aweza kufundishwa utabibu na kupewa dhamana ya roho za watu. Hospitali ya Mulago ilikuwapo tangu mwaka 1913, ilipoanzishwa kwa ajili ya maradhi ya zinaa. Makerere ikafunguliwa mwaka 1922 kwa masomo ya ufundi, na haukupita muda mrefu utabibu ukawa miongoni mwa masomo yake, wanafunzi wakivuka kutoka kilima kimoja hadi kingine kwenda kutazama wagonjwa. Hapo ndipo ukarimu wa serikali ulipokoma. Wahitimu waliitwa wasaidizi, wakalipwa mshahara wa msaidizi, wakasimama nyuma ya daktari Mzungu hata pale ambapo wao ndio waliomjua mgonjwa, lugha yake na nyumba yake. Wakati wa vita hapakuwa na nafasi ya kuulizana vyeo kando ya machela. Amani ndiyo iliyoleta karani mwenye daftari.

Waliofuata waliudai udaktari wao kwa subira na kwa hoja, kizazi baada ya kizazi, mpaka mwaka 1957 Baraza la Madaktari la Uingereza lilipozikubali sifa za udaktari zilizotolewa na Makerere. Vijana wa mwaka 1917 waliokuwa bado hai walikuwa wazee wa karibu miaka sitini, na kukubaliwa huko hakukuwahusu.